Maji Yaliyokataa Sabuni

Mbebe, Ileje
2 Machi 2025

Mama Gwantwa,

Sikusalimii. Salamu utaipata ukishajibu.

Ijumaa saa nne asubuhi mimi, mtu wa miaka sabini na sita, mzee wa kanisa, baba wa mume wako, nililala kifudifudi kwenye maharage yangu mwenyewe kama mwizi wa kuku. Kwa nini? Kwa sababu mkwe wangu alikuwa anapita nyuma ya banda la nguruwe, hajakohoa, hajatuma mtu mbele kusema "mkwe anapita, baba ageuke." Ningesimama tungeonana uso kwa uso. Unajua baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani, hawasemeshani, hawapiti njia moja. Huko Tunduma mmeacha, najua. Mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnapokezana chumvi. Kwangu hakuna upuuzi huo. Nililala mpaka ulipopita, siafu wakanipanda. Leo siku ya tatu paja linawasha.

Tena ulikwenda kwenye chemchemi yangu ya maji moto ukajaza chupa sita. Mke wangu Tabita amenihesabia, sita. Hukuomba. Chemchemi ile baba yangu aliikuta, mimi nikaizungushia mawe kwa mikono yangu, na hakuna mtu wilaya nzima ya Ileje anayeijua kama mimi.

Mume wako Watson alipiga simu kukuombea radhi, nikamkatia. Yeye aendeshe lori lake la Zambia. Na wewe usije ukanipigia. Sauti ya mkwe sikioni ni sawa na kukaa naye kigoda kimoja. Andika, umpe Osward wa Hiace ya Itumba. Neno la karatasi halikimbii, siku nikikupeleka barazani nitakuwa nalo mkononi.

Nijibu: maji yangu ya nini?

Yesaya Kayange
(nimeandika mwenyewe, sijaandikiwa na mtu)


Tunduma
8 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Hata kama hutaipokea, naiacha hapa mlangoni.

Nisamehe kwa Ijumaa. Nilikohoa mara mbili, ila nguruwe walikuwa wanapiga kelele. Mama aliniambia umekwenda kwenye kahawa. Ningejua upo kwenye maharage nisingepita hata kwa kubebwa.

Maji ni ya masomo. Unajua nafundisha kemia sekondari hapa, lakini pia nasoma shahada ya pili Mbeya, na lazima nikabidhi kazi yangu tarehe 30 Juni. Swali langu ni hili. Kila kilicho hai, wewe, mgomba, nguruwe, kimejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila chumba kina ukuta mwembamba wa mafuta, tunauita utando. Bila utando, vitu vyote vya uhai vingetawanyika kama chumvi iliyomwagwa mtoni. Leo seli hujijengea utando wake. Lakini ule wa kwanza kabisa, kabla ya seli yoyote, ulitoka wapi?

Wengi wanadhani ulijikunja wenyewe. Yapo mafuta ya aina nyepesi ambayo ukiyatia kwenye maji yanayofaa yanajipanga ubavu kwa ubavu na kujifunga kuwa vifuko. Hakuna anayevishona. Kifuko kina ndani na kina nje. Kinaweza kufungia kitu tumboni. Kikipata mafuta mengine kinakua, kikitikiswa kinagawanyika viwili. Huo si uhai, baba. Ni nyumba tu, ambayo huenda uhai ulikuja kukaa humo. Wengine wanasema ilitokea baharini, wengine wanasema kwenye chemchemi za moto nchi kavu, ambako maji hukauka na kurudi. Nikakumbuka chemchemi ya kwetu.

Mafuta hayo ni ndugu kabisa wa sabuni unayopika. Ndiyo maana nilimwomba mama kipande. Sabuni ya kienyeji haina manukato wala takataka za kiwandani, inafaa kujaribia.

Mkweo,
Mama Gwantwa


Mbebe
16 Machi 2025

Mama Gwantwa,

Ya kienyeji!

Kienyeji ni kuku. Kienyeji ni mbegu ya mahindi. Sabuni ya Yesaya Kayange siyo ya kienyeji, ni ya Yesaya Kayange. Mwaka themanini na tatu maduka yote kuanzia hapa mpaka Mbeya hayakuwa na mche mmoja wa sabuni, watu wananuka kama beberu, nani aliiosha kata hii? Nani aliosha gauni la harusi la mke wa mchungaji likawa jeupe mpaka watu wakafumba macho? Mabwana wakubwa wa Itumba walikuja hapa kwa miguu, na suti zao, wakapanga foleni kwenye uwanja wangu. Mimi nikawaambia subirini, naangalia chungu. Wakasubiri!

Leo, kwa sababu yako, nimekuwa kichekesho. Jumapili baada ya ibada vijana wa kwaya waliniuliza, "Mzee, Adamu alifinyangwa kwa udongo au kwa kipande chako kimoja?" Zabron naye, mtu ambaye kahawa yake haijawahi kujaza debe, akasema mbele ya watu, "Tuoge kwa adabu jamani, tunajisugua na babu zetu." Walicheka mpaka wanawake wakalazimika kukaa chini. Mchungaji ameniita. Ameniuliza, je, mzee wa kanisa anafuga mafundisho gani nyumbani kwake?

Sijui barua yako ilifikaje midomoni mwa watu. Bila shaka uliitangaza mwenyewe huko Tunduma, ikapanda gari ikaja.

Nimeifunga chemchemi. Nimeweka miiba pande zote na mbwa nimemfunga hapo. Mpaka uandike kwa mchungaji kwamba ulichosema ni uongo.

Yesaya Kayange


Tunduma
23 Machi 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua ile nilimpa Osward mkononi, naye ameapa alikupa wewe mkononi. Mimi sijamsomea mtu. Kama ilipata midomo, iliipatia huko huko Mbebe. Ulimpa nani akusomee?

Kwa mchungaji siandiki. Sikusema Mungu hayupo wala sikusema Adamu ni sabuni. Nimeandika "huenda," nimeandika "wanadhani." Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya mtaa wetu, na Jumatatu naingia maabara, na sijawahi kuona vikigombana. Ninyi ndio mnaogombana kwa niaba yao.

Na miiba yako unaweza kuing'oa, maana maji yenyewe hayafai. Nimeyajaribu. Kwenye maji safi ya maabara vifuko vinajifunga vizuri, unaviona kwenye hadubini vimejaa kama mayai ya samaki. Nikitia maji ya chemchemi yako, vyote vinapasuka. Mafuta yanaganda kuwa ukoko mweupe kama maziwa yaliyoharibika. Yana chokaa nyingi, ile ile inayofanya mawe yako yawe meupe, na chokaa inayanyonga mafuta. Nikiitoa kwa dawa za dukani, mwalimu wangu ananiuliza, "Enzi hizo kabla ya kiumbe chochote, duka lilikuwa wapi?" Lazima iwe njia ambayo dunia yenyewe ingeweza kuifanya. Nisipoipata, anataka nitupe habari ya chemchemi nirudie yale waliyokwisha kufanya wengine. Miaka miwili yangu inakwenda hivyo.

Maji yako yanaua, baba. Hiyo ndiyo habari.

Mama Gwantwa


Mbebe
30 Machi 2025

Mama Gwantwa,

Osea alipofika pale uliposema maji yangu yanaua, alikunja karatasi. Nikamwambia soma, wewe ni mwinjilisti, umeshasoma habari za Sodoma kwa sauti. Akasoma.

Ndiyo, Osea ananisomea. Maneno yenu ya hadubini siyawezi, nilisoma mpaka darasa la tatu nikaitwa kuchunga. Kama Osea ana mdomo mrefu hiyo ni shida ya Osea.

Sasa sikiliza wewe msomi. Maji yanaua? Kwa maji hayo hayo nimepika sabuni miaka arobaini na mbili! Yangekuwa yanaharibu mafuta, sabuni ingetoka wapi? Ile iliyoogesha kata nzima ilipikwa kwa maji ya mvua? Umeshindwa kazi unasingizia maji. Mwanamke akiunguza ugali analaumu kuni.

Kwa sababu umenitukana nakupa njia yangu bure, ambayo nimewanyima watu wa Mbozi waliokuja na mbuzi. Unachukua mafuta ya nguruwe, unayayeyusha, unachuja kwa kitambaa. Unachukua maji ya chemchemi, ndoo mbili. Ya chemchemi, siyo mengine, ndiyo yanaifanya iwe laini. Unatia kostiki, yale magadi makali ya dukani, polepole ukisimama upande upepo unakotoka. Unachanganya kwa mwiko upande mmoja tu, kulia, usigeuze. Basi. Hakuna kingine. Mwenye akili anaweza, asiye na akili anakwenda chuo.

Nimempa Osward madumu mawili ya maji akuletee. Nimejaza mwenyewe chemchemini. Usiseme nimekunyima.

Yesaya Kayange


Tunduma
27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Mara nne. Kwanza nikapika sabuni yenyewe, nyuma ya maabara, kwa mafuta ya nguruwe niliyonunua mtaa wa Mwaka, nikachanganya kulia mpaka bega likakataa. Ilitoka makombo ya kijivu. Haina povu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuja kuangalia, mmoja akauliza, "Madam, hii ni chakula cha kuku?" Kisha nikajaribu vifuko tena. Vyote vimepasuka.

Kwa hiyo kuna kitu umekificha. Sema tu kwamba hutaki kunipa, nitaheshimu, mali ni yako. Lakini kuniandikia "hakuna kingine" na kunipotezea mwezi mzima wakati unajua tarehe yangu, hiyo siyo heshima ya ukwe, baba. Hiyo ni roho mbaya.

Au labda wanayosema huku ni kweli. Mzee mmoja wa pale forodhani, anayewajua watu wa Ileje, aliposikia jina la kijiji alicheka. Akasema mwaka themanini na tatu watu wengi walikuwa wanavuka Nakonde, wananunua miche ya Zambia, wanaikwangua, wanaiyeyusha upya na kuiita yao. Nilimkatalia kwa nguvu. Sasa sijui kwa nini nilimkatalia.

Mama Gwantwa


Mbebe
4 Mei 2025

Wewe!

Mimi nikwangue sabuni ya Nakonde! Mimi!

Mikono yangu imeungua kostiki mpaka vidole viwili havina kucha. Nenda kamwonyeshe huyo mzee wako wa forodhani kidole cha mtu aliyekwangua. Watson nimempigia mwenyewe, mimi nisiyepiga simu, nimemwambia mke wako amenivua nguo njiani. Akasema, "Baba, mimi nipo foleni ya mpakani siku ya tano, msinigombanishe." Huyo ndiye mwanaume niliyemzaa.

Sasa nitakufunga mdomo mbele ya mashahidi. Jumamosi ijayo nitapika sabuni hapa uwanjani kwangu, mchana kweupe. Nimemwita Osea, nimemwita Zabron, na mchungaji amesema atapita. Waone maji yanatoka chemchemini, waone mafuta, waone mwiko. Sabuni ikikauka nitakuletea mche mmoja na sahihi zao tatu.

Tabita hayupo, yupo Itumba kwa binti yetu Leah aliyejifungua, atakaa mwezi. Hata hivyo sabuni ni kazi ya mwanaume. Simhitaji mtu.

Yesaya Kayange


Mbebe
12 Mei 2025

Mke wa Watson,

Umeweka nini kwenye chemchemi yangu?

Usijifanye hujui. Jumamosi watu walikuwa kumi na saba, maana Zabron aliwaita na wengine. Pipa la jikoni lilikuwa tupu, nikaenda kuchota mwenyewe, mabichi kabisa, bado yanatoa mvuke, wakaniona. Mafuta safi. Kostiki mpya. Kulia, kulia, kulia. Na ile sabuni ikakatika! Mbele ya mchungaji! Ikawa makombo yanaelea kama matapishi ya mtoto mchanga. Niliendelea kukoroga saa nzima, nilisikia mwiko tu. Kisha Zabron akasema, "Mzee, labda inataka maombi."

Miaka arobaini na mbili haijawahi kukatika. Umeingia chemchemini Februari na chupa zako, na sabuni imekufa Mei. Mimi siyo mjinga. Ulitia dawa zenu za chuo uyafanye maji yakubaliane na maandishi yako.

Nakwenda barazani tarehe 24. Barua zako zote ninazo. Na Watson atachagua, baba yake au wewe.

Yesaya Kayange


Tunduma
15 Mei 2025

Baba,

Sijatia kitu. Nilichota, nikaondoka. Naapa kwa kichwa cha Gwantwa.

Watson amesoma barua yako. Ametoka nje, amekaa kwenye ngazi za lori mpaka chai yake ikapoa. Hajachagua, hajui achague nini. Umefanikiwa hapo.

Nenda barazani. Sitakuja kujibu. Mwalimu wangu ameshasema nifute sura ya chemchemi na mimi nimekubali, nitakabidhi kazi ya kunakili kama watu wengine. Sitaki maji yako wala njia yako. Usiniandikie tena.

Tupokigwe, mke wa Watson


Mbebe
8 Juni 2025

Mama Gwantwa,

Nakuandikia tena, ulikataza lakini mimi siamriwi na mtoto.

Barazani sikwenda. Nilikuwa na kazi.

Usifute hiyo sura yako. Nilikuwa nakupima kama una uvumilivu, maana njia kamili hapewi mtu wa haraka. Sasa nakupa. Andika vizuri, usikosee.

Maji ya moto hayatumiki siku ile ile. Unayachota, unayamwaga kwenye mtungi wenye mdomo mpana, unaacha yapoe kabisa. Siku ya pili yanakuwa na ngozi nyeupe juu na mchanga mweupe chini. Ngozi unaiengua. Hapo bado. Unachukua majivu ya mabua ya maharage, siyo ya mkaa, mkaa hauna nguvu. Kiganja kimoja kwa ndoo. Unakoroga, unaacha yatulie usiku na mchana, yanavuta uchafu mwingine mweupe chini. Siku ya tatu unaonja kwa ncha ya ulimi. Yakiuma, majivu yamezidi, ongeza maji yaliyopoa. Yakiwa mazito mdomoni kama umelamba jiwe, bado, ongeza majivu. Yakiwa hayana neno, yanateleza tu, hapo yamekubali. Unachota ya juu taratibu, usitikise mtungi. Unasugua kipande cha sabuni ndani yake, povu likisimama bila kuanguka, tayari.

Bila hivyo, mafuta yatakatika hata uchanganye kulia mpaka Krismasi.

Osward amebeba majivu kwenye mfuko wa mbolea. Amelalamika yanamwagika kwenye viti. Mwambie anyamaze.

Yesaya Kayange


Tunduma
24 Juni 2025

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena.

Vifuko vimesimama.

Nilikuwa natafuta jibu kwenye mawe na kwenye joto, majivu sikuyawaza hata siku moja. Nilisimama maabara na ulimi nje kama mbuzi anayelamba chumvi, mwalimu wangu akaniuliza naumwa nini. Siku ya tatu maji hayakuwa na neno, kama ulivyosema. Nikatia mafuta, na tone la rangi nyekundu ili ifungiwe ndani. Baba, rangi ilibaki ndani. Nikavisukuma kidogo, vikarefuka kama mkia, vikakatika vikawa vingi, na kila kimoja kikabaki na nyekundu yake. Nililia. Majivu yakizidi kidogo vinayeyuka vyote. Yakipungua, chokaa inavinyonga. Vinasimama pale katikati tu.

Na unaelewa maana yake? Enzi hizo hakukuwa na mtungi. Lakini maji yanapoteremka yanapoa, yanaacha chokaa juu ya mawe njiani, na milima hii ya moto ilikuwa inamwaga majivu kila mahali. Siyo sawa kabisa na majivu ya maharage, na hilo nitaliandika, lakini sasa ni jambo linaloweza kupimwa. Sisemi ilitokea Mbebe. Nasema huenda mahali fulani bwawa moja lilipata majivu kiasi chake, likatulia siku chache, na kifuko cha kwanza kikajifunga humo. Mwalimu amesema sura hiyo ndiyo kazi yenyewe, nyingine ni mapambo.

Nisamehe kwa neno la Nakonde. Lilikuwa la hasira.

Jambo moja. Chuo kinataka aliyetoa maarifa aandikwe jina kamili na aweke sahihi kwenye fomu niliyoambatanisha. Miaka kumi na moja nimeolewa kwenu sijawahi kulitamka jina lako wala kuliandika, hata Gwantwa akiniuliza babu anaitwa nani namwambia kamuulize baba yako. Naomba ruhusa niliandike mara hii moja. Nimeandaa maneno haya: "Njia ya kuyatuliza maji kwa majivu ni ya mzee wetu, aliyeigundua na kuitumia peke yake kwa miaka arobaini na mbili." Jina nimeliachia nafasi. Fomu inifikie kabla ya Jumatatu tarehe 30.

Mkweo,
Mama Gwantwa


Mbebe
26 Juni 2025

Mama Gwantwa,

Usiliandike.

Nina hasira, na nakwambia mapema ili usitafute mahali nilipotulia. Nina hasira na wewe uliyeleta fomu. Nina hasira na Osea, ambaye nilimwambia asome polepole na yeye akasoma kama yupo kwenye kipaza sauti.

Ilikuwa jana mchana, hapa uwanjani. Tabita anapukuchua maharage. Osea akafika kwenye "aliyeigundua na kuitumia peke yake." Tabita akasema, "Rudia hapo." Akarudia. Tabita akauliza, "Na hapo kwenye kuonja, ulimi ulikuwa wa nani?"

Osea akaanza kuangalia migomba.

"Baba Watson, nakuuliza wewe. Ulimi wa nani?"

Nikasema, "Wa nyumba hii."

Akacheka, lakini siyo vizuri. "Nyumba haina ulimi." Kisha akarudi kwenye maharage yake. Akasema bila kuniangalia, "Weka sahihi, mzee. Jina lako limeshazoea."

Basi jua yote. Mimi sikukupima uvumilivu. Nilikuwa sijui. Miaka arobaini na mbili nimekuta maji kwenye pipa la jikoni, nachota, napika, sabuni inatoka, watu wananisifu. Sikuwahi kuuliza yamefikaje pale. Nilijua yametoka chemchemini, na maji anachota mwanamke, nani anauliza habari za maji? Nilipokwambia hakuna kingine sikukudanganya, nilikwambia ninachokijua. Siku ile ya mashahidi nilichota mwenyewe maji ya sabuni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ndiyo maana.

Aliporudi kutoka Itumba nilimwambia wewe umetia sumu chemchemini. Akaniuliza, "Uliyaacha siku ngapi?" Nikasema, siku ngapi za nini? Akakaa chini. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa ambaye ndiyo kwanza anagundua. Alidhani najua! Miaka yote alidhani najua na nimeamua tu kutosema. Akanieleza mpaka mwisho, neno kwa neno, na mimi nikakuandikia kana kwamba ni langu. Alikuwa anamenya ndizi hapo hapo pembeni yangu nikiandika. Hajui kusoma, nikajiona salama kwa hilo.

Jumapili nitasimama baada ya matangazo niwaambie wale kumi na saba. Zabron atapata la kusema mpaka afe. Na aseme.

Jina langu lina mwiko kwako, libaki na mwiko wake. La mama mkwe wako halina. Mnasemeshana, mnapika pamoja, umelala kwenye kitanda chake ulipojifungua. Mwezi wa pili ulikaa naye jikoni siku mbili, pipa lipo hapo mgongoni kwako, umechota humo maji ya kuoshea vyombo, povu likajaa mpaka kwenye viwiko. Hukumuuliza. Ukaniandikia mimi. Na wewe una shahada! Mimi angalau niliishia darasa la tatu.

Andika: Tabita Mbughi, wa Mbebe. Yale maneno ya "peke yake" yaache, hayo ni ya kweli, ila yahamishe yaende kwake. Mimi usiniweke hata chini. Anasema vifuko vyako vikipasuka tena ni kwamba unaharakisha siku ya pili.

Fomu anayo Osward. Mahali pa sahihi pana kidole gumba chake. Alikataa mara mbili, akasema wino ni wa watu wenye barua. Nilimshika mkono mimi mwenyewe nikakandamiza, wino ukanipaka mpaka kwenye kiganja. Nimesugua kwa sabuni yangu na kwa maji yake, tangu asubuhi. Hautoki.

Yesaya Kayange